Shingo ya Gogo, Moyo wa Senge

Kwenye ukuta wa sebule yetu kule Roret kuna picha ya gogo iliyopigwa miaka ya sabini. Amesimama mbele ya shamba la chai ambalo wakati huo lilikuwa bado changa, mistari ya miche ikionekana vizuri, si kama leo ambapo ukiangalia unaona zulia tu. Ndewe za masikio yake zimetobolewa na kuvutwa kama ilivyokuwa kawaida ya wanawake wa Kipsigis wa rika lake. Na shingoni ana uvimbe wa ukubwa wa yai la kuku. Hakuna aliyejaribu kuuficha. Mpiga picha hakumwambia ajifunge leso. Nilipokuwa mtoto nilidhani ule uvimbe ni sehemu ya uzee, kama hizo ndewe, kitu ambacho siku moja mama angekipata, na mimi pia.

Senge, dada yake baba, hana uvimbe. Shingo yake ni laini kama yangu. Lakini yeye ndiye aliyeugua mpaka tukaogopa tutamzika.

Alikuwa ameolewa upande wa Sotik, si mbali na Chebilat, soko lililo mpakani mwetu na Wakisii. Kama unaikumbuka Januari ya 2008, unajua Chebilat ilivyoishia: majivu. Senge alirudi Roret na watoto watatu na mfuko mmoja wa nguo. Miezi michache baadaye mikono yake ikaanza kutetemeka. Moyo ulikuwa unamwamsha usiku, unapiga kama mtu anayebisha mlango. Alitoka jasho katika baridi ya Julai, na wewe ukishalala Roret mwezi wa Julai unajua hiyo si baridi ya mchezo. Alikula kuliko sisi sote na akazidi kukonda. Akichuma chai, majani mengine yalianguka nje ya kikapu. Kisha akaanza kulia bila sababu, na kugombana na watu kwa mambo madogo, yeye ambaye tulimjua kama mtu wa kucheka.

Kule zahanati alikopelekwa walimpima presha, wakamsikiliza kwa dakika tatu, wakamwambia: mama, una mawazo. Wakampa vidonge vya usingizi. Kanisani akaombewa. Jirani mmoja akamshauri apunguze chai, na kumwambia mtu wa Roret apunguze chai ni kama kumwambia mvuvi wa Lamu apunguze samaki.

Hebu tusimame kidogo kwenye hilo neno, mawazo. Kiswahili chetu cha kila siku kimelibebesha mzigo mkubwa. Deni la karo ni mawazo. Mume asiyerudi nyumbani ni mawazo. Huzuni ya msiba, hofu isiyo na jina, kukosa usingizi, yote ni mawazo. Ni neno la huruma, silikatai. Lakini likitoka mdomoni mwa mtu aliyevaa koti jeupe linaweza pia kuwa njia ya kumfungulia mgonjwa mlango atoke. Na kwa senge lilikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana hakuna aliyelipinga. Mtu aliyechomewa nyumba anakosaje mawazo?

Ilichukua miaka mitatu. Mwaka 2011, katika hospitali nyingine, daktari kijana alimwambia anyooshe mikono mbele, akaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ikatetemeka kama jani. Akamwangalia macho. Akasimama nyuma yake, akaweka vidole shingoni na kumwambia ameze maji. Halafu akaandika kipimo cha damu. Jibu liliporudi, lilisema tezi yake ya thairoidi, ile ambayo vitabu vya Kiswahili huiita dundumio, ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Ugonjwa wa Graves.

Familia yetu haijamaliza kubishana tangu siku hiyo. Baba anasema ni Chebilat: dada yake aliogopa sana, hofu ikashuka shingoni. Mama anasema tezi ilikuwa imeharibika kitambo, na ile hofu yote ya usiku ilikuwa tezi ikisema. Nilipoanza kusoma ili niwaamue, nikagundua wamechukua pande mbili za ubishi ambao umewasumbua madaktari kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Mwezi Aprili mwaka 1803, katika eneo la Bath, Uingereza, msichana wa miaka 21 alirushwa kutoka kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa kikishuka mteremko kwa kasi. Alishtuka vibaya. Tangu siku hiyo moyo wake ukawa unakwenda mbio, na baada ya kama wiki mbili akaona shingo inavimba. Daktari aliyemwandika anaitwa Caleb Parry. Alikuwa ameanza kuona wagonjwa wa namna hii tangu 1786, lakini maandishi yake yalichapishwa mwaka 1825, wakati yeye mwenyewe alikuwa amekufa miaka mitatu. Kwa hiyo sifa zikaenda kwa wengine. Robert Graves wa Dublin alieleza mwaka 1835 juu ya wanawake watatu wenye mapigo makali ya moyo na shingo zilizovimba. Carl von Basedow wa Merseburg, Ujerumani, akafuata mwaka 1840 na kuongeza macho yaliyotokeza. Mpaka leo Wajerumani huuita ugonjwa wa Basedow na wengi wetu tunasema Graves. Parry aliyewatangulia wote hakupata kitu, funzo kwa yeyote mwenye mswada kwenye droo.

Angalia tu jinsi ugonjwa huu ulivyoingia vitabuni. Uliingia kama hadithi ya mwanamke aliyeogopa. Graves mwenyewe alijiuliza kama uvimbe ule unahusiana na lile donge la kooni ambalo wanawake walioitwa wenye histeria walilalamikia. Na histeria, kama unavyojua, ni neno lililotokana na Kigiriki cha tumbo la uzazi. Ugonjwa huu huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, basi ikawa rahisi: mwanamke anatetemeka, mwanamke hana usingizi, mwanamke ni mwanamke. Ukiondoa koti na lugha, ni ile zahanati ya senge.

Sasa tezi yenyewe hufanya nini? Iko mbele ya shingo, chini ya koromeo, imetandaza mabawa mawili kama kipepeo. Huchukua madini ya aidini kutoka kwenye damu na kutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kasi gani: moto kiasi gani, moyo upige mara ngapi, chakula kichomwe haraka vipi. Homoni zikizidi, moyo huwa mwepesi mno kuitikia adrenalini, ile kemikali ya kukimbia simba. Simba hayupo, lakini mwili umeshaanza kukimbia. Jasho, mikono kutetemeka, pumzi fupi, tumbo kuharisha, usingizi kuyeyuka. Halafu ubongo unafanya kazi yake ya siku zote, unatafuta sababu ya moyo kwenda mbio. Ukiwa umetoka Chebilat mwaka 2008, sababu haiko mbali.

Homoni zikipungua mambo yanageuka. Mtu anapoa, ananenepa, anasahau, anazama katika huzuni, na wapo wanaopata wasiwasi pia. Mwaka 1949 daktari wa London, Richard Asher, aliandika juu ya wagonjwa 14 ambao wazimu wao ulitokana na tezi iliyolala. Wengi walirudiwa na akili zao walipopewa dawa ya tezi.

Lakini nimekuacha na gogo ukutani, na uvimbe wake ni habari nyingine. Wake haukuwa ugonjwa wa Graves. Ulikuwa rovu la nchi za juu, na chanzo chake kikubwa kinaanzia kwenye mvua.

Kericho hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ndiyo mvua iliyowaleta Waingereza na mashamba yao ya chai katika miaka ya 1920, na ndiyo iliyowawezesha wakulima wadogo kama babu yangu kupanda yao baadaye, chini ya mamlaka ya chai iliyoundwa mwaka 1964, KTDA tunayoililia na kuilaani kila msimu wa bonasi. Lakini mvua ya namna hiyo, ikinyesha kwa maelfu ya miaka juu ya miinuko, huosha aidini kutoka kwenye udongo na kuipeleka mtoni, na mto kuipeleka baharini. Mahindi ya huko hayana aidini ya kutosha, majani ya ng'ombe hayana, na maziwa nayo ni hivyo hivyo. Tezi ikikosa malighafi hufanya kama mwajiri aliyekata tamaa: inaongeza wafanyakazi. Inakua, inakua, ili inase kila chembe inayopita. Ndipo unapata rovu.

Habari hii haikuwa siri. Mwaka 1970 Hanegraaf na McGill walichapisha katika jarida la tiba la Afrika Mashariki taarifa ya mahali ambapo rovu lilikuwa limeenea katika nchi zetu, na nyanda za juu ndizo zilizojaa. Kipimo cha utafiti wa aina hiyo kinanifurahisha kwa unyenyekevu wake. Mpimaji hugusa shingo ya mtoto shuleni, na bawa la tezi likiwa kubwa kuliko ncha ya kidole gumba cha mtoto mwenyewe, anahesabiwa kuwa na rovu. Huhitaji umeme wala maabara, kidole gumba tu.

Dawa nayo ilikuwa rahisi, na ilitoka mle mle aidini ilikokwenda. Chumvi yetu nyingi hutengenezwa pwani, kwenye mabwawa ya kukaushia maji ya bahari kule upande wa Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Mwaka 1978 sheria ya Kenya ilibadilishwa ili chumvi ya mezani iwekwe aidini, na mwaka 1988 kiwango kikapandishwa sana, hadi miligramu 100 za aidini kwa kila kilo. Pakiti ndogo ya chumvi katika duka la Roret ikawa inarudisha kidogo kidogo kile ambacho mvua ilichukua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1994 ulikuta asilimia 16 ya waliopimwa wana rovu. Ule wa 2004 ulikuta asilimia 6. Kizazi changu kimekua bila kuona shingo kama ya gogo isipokuwa ukutani.

Huo ni ushindi, na ninashangaa hatuufundishwi shuleni. Sisi ambao tunajua tarehe za kila mkutano wa Lancaster House hatujui kwa nini shingo zetu ni laini.

Lakini tezi iliyozoea njaa haipokei karamu kwa utulivu. Hili lilionekana wazi Kongo. Katika kisiwa cha Idjwi, kwenye Ziwa Kivu, madaktari wa Kibelgiji akiwemo François Delange walikuwa wakichunguza rovu tangu miaka ya 1960. Kaskazini mwa kisiwa, watu wengi sana walikuwa na rovu. Kusini-magharibi walikuwa wachache, ingawa aidini ilikuwa adimu pande zote. Tofauti ilitafutwa mpaka ikapatikana jikoni, kwenye muhogo. Muhogo usiolowekwa na kukaushwa vizuri hubaki na sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kemikali inayoizuia tezi isipate hata ile aidini kidogo iliyopo. Nikikumbuka jinsi tunavyowadharau akina mama wanaoloweka muhogo kwa siku nyingi, eti ni ushamba, najisikia aibu.

Chumvi yenye aidini ilipofika Kivu katika miaka ya 1990, baadhi ya watu walianza kuugua kwa namna mpya. Mioyo ilikwenda mbio, mikono ikatetemeka, wakakonda. Taarifa ya Kivu ilichapishwa mwaka 1996, mwaka mmoja baada ya ile ya Zimbabwe, ambako hali kama hiyo ilionekana chumvi ilipowekwa aidini kwa wingi. Waliopatwa zaidi walikuwa watu wazima wenye marovu ya zamani yaliyojaa vinundu. Vinundu vile vilikuwa vimejifunza kufanya kazi bila kusikiliza amri kutoka ubongoni, na vilipopata aidini vikatengeneza homoni bila breki. Kwa taifa zima faida ilikuwa kubwa mno kuliko hasara, na baadaye viwango vya chumvi vikapunguzwa, hata hapa kwetu. Lakini fikiria uko kijijini, una miaka 60, umeishi na rovu lako kwa amani tangu ujana. Mwaka mmoja unaanza kuogopa usiku. Nani atakuambia ni chumvi?

Gogo alikufa mwaka 1996. Baba husema miaka yake ya mwisho alikuwa hatulii, anainuka usiku kukagua kama mlango umefungwa. Walisema ni uzee. Sitaki kumfanyia gogo uchunguzi kupitia picha, ila nimeona mahali nisipoweza kuacha kulifikiria jambo hilo. Wakati wake uvimbe ulionekana na kila mtu, na hakuna aliyemuuliza moyo wake unaendaje. Senge naye alikuja na moyo tu, bila uvimbe wa kuonyesha, na akakosa shahidi.

Turudi kwenye ubishi wa baba na mama. Upande wa baba ulikuwa na nguvu sana mpaka katikati ya karne iliyopita. Mwaka 1950 Franz Alexander, mwanasaikolojia wa Chicago, aliuweka ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa saba ambayo aliamini mizizi yake iko kwenye migogoro ya nafsi. Aliona wagonjwa kama watu waliolazimishwa kukomaa mapema kwa sababu ya hofu ya utotoni. Mama angempenda Adams na Purves zaidi. Hao walikuwa New Zealand, na mwaka 1956 walionyesha kwamba damu ya wagonjwa hawa ina kitu kisicho cha kawaida kinachoichochea tezi kwa muda mrefu. Baadaye kitu hicho kikatambuliwa kuwa ni kingamwili: askari wa mwili wenyewe waliopotea njia, wanaobonyeza kengele ya tezi usiku na mchana. Basi kwa miaka kadhaa ilionekana kesi imefungwa. Si mawazo, ni damu.

Ila haikufungwa. Denmark ilipokuwa imekaliwa na Wajerumani, kati ya 1941 na 1945, wagonjwa wa tezi iliyozidi waliongezeka sana, na wengi wakasema ni hofu ya vita. Ungetarajia basi Ireland ya Kaskazini, wakati wa mabomu ya Belfast, ionyeshe vivyo hivyo. Madaktari wa huko walihesabu, wakachapisha mwaka 1974 kwamba hawakuona ongezeko. Halafu mwaka 1991 watafiti wa Sweden waliwauliza wagonjwa wapya wa Graves juu ya mwaka uliotangulia ugonjwa, wakawalinganisha na watu wazima wa afya, na wagonjwa walikuwa wamepitia mikasa mingi zaidi. Maelezo yanayokubalika zaidi leo yanaweka vyote mezani: urithi wa damu, jinsia, sigara, aidini, na mshtuko wa maisha unaoweza kuvuruga kinga ya mwili ambayo tayari ina ufa. Hofu inaweza kusukuma mlango. Haiutengenezi.

Nilipomweleza baba hivyo alisema, sawa, kwa hiyo ni Chebilat. Mama akasema, sawa, kwa hiyo mlango ulikuwa tayari. Hakuna aliyesogea hata hatua moja.

Niseme jambo lingine kabla hujakimbilia maabara. Wengi wenye wasiwasi tezi zao ni nzima kabisa, na wasiwasi wao ni ugonjwa kamili wenye tiba yake, hauhitaji kuazima jina la tezi ili uheshimiwe. Nina rafiki hapa Nairobi aliyepimwa TSH mara nne katika hospitali nne, akitumaini kila mara namba itoke mbaya, kwa sababu namba mbaya angeweza kumwonyesha baba yake. Zilitoka nzuri zote. Alilia kwenye matatu. Huyo pia aliambiwa ni mawazo tu, na hiyo tu ndiyo iliyomuumiza.

Senge alianza na kabimazoli, na kidonge kingine cha kutuliza moyo wiki za kwanza. Baada ya kama miezi miwili alilala usiku mzima, akaamka amechelewa, ng'ombe wanalia, na akatucheka kwa kumwangalia kama mzuka. Uzito ukarudi. Watoto wakaacha kutembea kwa vidole nyumbani. Lakini Chebilat haikuondoka na vidonge. Mpaka leo akisikia umati unapiga kelele sokoni, hata ikiwa ni mkutano wa kuuza dawa ya mende, anasimama, anahesabu watoto ambao sasa ni watu wazima na hawapo. Homoni ziko sawa. Hiyo ni kitu kingine, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kumwandikia kipimo.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kwenye kipimo chake cha damu. Kwenye foleni nikamwuliza yeye mwenyewe anadhani nini kilianza, hofu au shingo. Alifikiria kidogo. Akasema siku ile wanakimbia, katikati ya mashamba, mtoto mdogo mgongoni, moyo wake ulikuwa umetulia kabisa. Hakutetemeka hata kidogo. Ilikuwa baadaye, wakiwa wamefika Roret, chai imemiminwa, kila mtu yuko salama, ndipo mkono ulipomwaga kikombe.

Wakaita jina lake, akaingia.